Mipira Kumi na Moja Iliyopotea

Asanteni kwa kunipa nafasi. Mara mbili mmeniomba nisimame hapa, na mara mbili nikasema koo linaniuma. Koo lilikuwa zima. Leo nitasema. Kama ilivyo desturi ya kikundi chetu cha ushuhuda, sitataja jina la mtu, hata la yule anayestahili kutajwa. Mkimtambua, nyamazeni naye.

Mimi ni mtu wa Kasai. Baba alikuja Katanga kutandika reli, nami nikakulia mtaa wa Makomeno, katika nyumba za wafanyakazi wa treni. Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi stesheni, karani wa kuhesabu mabehewa. Treni ikiingia nasimama na kaye, daftari langu la karatasi za mistari, kila behewa kijistari kimoja, vinne vikisimama nakata kwa cha tano. Kazi hiyo ilinipa ugonjwa. Nilihesabu ngazi za kanisa, nilihesabu vifungo vya kanzu ya padri wakati wa misa. Mke wangu alikuwa ananifinya mguu.

Mupira niliupenda, lakini miguu yangu haikujua kucheza. Jumapili nilikuwa nasimama pembeni ya uwanja kuangalia timu ya kartie, yaani mtaa wetu, mikono mitupu, hadi siku moja nikaja na kaye. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina la kila mchezaji, na mbele yake vijistari: mipira aliyopoteza, mashuti aliyopiga, na alama ndogo kuonyesha adui alitoka upande gani. D kwa droite, kulia; G kwa gauche, kushoto. Watu wakafikiri nimeanza kuchanganyikiwa.

Antrenere wetu, yaani mwalimu wa timu, hakucheka. Alikuwa anafundisha shule ya msingi, mtu wa Katanga ya kaskazini, mkubwa kwangu kidogo. Nilimwita yaya, kaka mkubwa. Nilimwonyesha kwamba beki wetu mmoja, tuliyemwona hodari, karibu kila mpira anaopoteza anaupoteza anapolazimishwa kutumia mguu wa kushoto. Yaya akamchukua jioni baada ya kazi, akampeleka kwenye ukuta wa bohari, akamwambia apige mpira ukutani kwa mguu wa kushoto tu. Wiki nyingi. Ukuta ule ulipasuka rangi. Lakini vijistari vya beki yule vilipungua, vikapungua, na Jumapili moja sikuandika hata kimoja. Nilifurahi kama nimefunga goli mimi mwenyewe.

Furaha ile ndiyo iliyoniharibu. Nilianza kupenda kuwa mimi ndiye niliye sahihi.

Tulikuwa na winga wa kulia aliyependwa na kartie nzima. Alikuwa fundi wa garaji, mtu mpole, mwenye mbio. Miezi ile mchezo wake ulianza kushuka. Siku tulipofungwa mechi ambayo wote waliisubiri, watu wakawazunguka wachezaji, kila mmoja na maneno yake. Nikapanda juu ya kasha la bia. Nikafungua kaye, nikasoma kwa sauti, mbele ya mashabiki, mbele ya mke wake, kwamba winga wetu amepoteza mipira kumi na moja na hajapiga shuti hata moja. Nikarudia: kumi na moja, na zero.

Watu walicheka. Mtu mmoja akaanza kuimba hesabu ile, wengine wakaitikia. Winga akavua viatu, akaviweka chini mbele ya yaya, akaenda zake miguu peku. Hakurudi uwanjani kwa muda mrefu.

Yaya aliniambia polepole kwamba sikupaswa. Nikamjibu kwamba hesabu si matusi. Ndugu zangu, nawaambia, jibu lile nililiona zuri sana siku ile.

Haikupita muda mrefu Katanga ikajitenga na Kongo. Ninyi mnaokumbuka mnajua jinsi mji ulivyobadilika. Jirani aliyekuwa akikuomba chumvi anakuangalia juu ya ua na hasemi neno. Sisi wa Kasai tukaanza kusikia kwamba hapa si kwetu. Familia nyingi zikakimbilia kambi iliyokuwa kando ya mji, chini ya ulinzi wa basoda, askari wa Umoja wa Mataifa, na kutoka pale wengine wakapandishwa treni kurudi Kasai, hata wale ambao hawajawahi kuiona.

Mke wangu akafunga vyombo. Tulikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Akaniambia twende wote. Nikamwambia kazi siwezi kuiacha hivi hivi. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba timu ilibakiza mechi tatu, na nilitaka kumaliza kaye yangu. Nilimwambia nitawafuata baada ya mechi tatu. Akamfunga mtoto mgongoni. Nilimbebea mizigo hadi kambini, nikageuka, nikarudi.

Mechi tatu zile hazikuchezwa zote. Moja tu ilichezwa, tena baada ya majuma mengi. Kabla yake njia ilifungwa, barua hazikupita, nami nikabaki katika nyumba ya vyumba viwili na kitanda cha mtoto. Napika bukari, yaani ugali, ya mtu mmoja na kila siku naikosea, inabaki. Kazini wenzangu wananisalimia kwa kichwa. Sikuwa tena na mtu wa kunifinya mguu kanisani, na sikuwa tena naenda kanisani.

Nilikamatwa nikirudi kutoka mechi ile moja. Basoda wa Katanga walikuwa wamefunga njia upande wa nyumba kubwa za mtaa wa Golf. Walinipekua, wakakuta kaye. Herufi, vijistari, namba, D, G. Wakanipeleka kwa komanda wao.

Akaniuliza D ni nini. Nikasema droite, upande wa kuume. Akauliza, nani yuko upande wa kuume. Nikasema winga. Akaandika, akaniuliza winga ni kikosi gani. Leo mnacheka, nami nacheka. Siku ile nguo zililowa.

Nilipoeleza kwamba ni mupira, komanda akasema sawa, basi niandike jina kamili mbele ya kila herufi, wataitwa mmoja mmoja, wakikubali nitakwenda nyumbani. Nikashika kalamu. Kati ya herufi zile, nne zilikuwa za watu wetu wa Kasai, na wawili kati yao walikuwa wamejificha kwa jamaa zao mjini. Nikaiweka kalamu. Nikasema nimesahau majina. Akaniambia, wewe unayehesabu kila kitu umesahau majina. Wakanitia kashoti, chumba cha mahabusu.

Sitawasimulia yote ya kashoti. Chumba kilikuwa kidogo, tulikuwa wengi, na bado sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Wenzangu walikuwa wanaitwa mlangoni: ndugu yako amekuja, mama yako ameleta chakula. Wiki ya kwanza nilikuwa nasimama kila jina linapoitwa. Wiki ya tatu sikuinuka tena. Nilijaribu kutafuta kichwani mtu mmoja katika mji huu mzima ambaye ningeweza kusema, huyu atauliza niko wapi. Nilijua idadi ya mipira waliyopoteza wanaume kumi na mmoja. Sikujua hata mmoja wao anakaa nyumba gani.

Siku moja, mchana, wakaniita mimi. Wakanipeleka ofisini kwa komanda. Kwenye kiti alikuwa ameketi winga wetu, kofia yake iko gotini.

Baadaye ndipo nilipojua ilivyokuwa. Yaya alikuwa amekuja mara mbili kuniulizia, wakamfukuza getini. Akaenda kwa winga, kwa sababu garaji yake ilitengeneza magari ya basoda na getini walimfahamu. Hakumwomba kitu. Alimwambia tu niko wapi, na kwamba sababu ni kaye.

Komanda alikuwa na kaye mkononi. Winga hakunisalimia. Alisema na komanda, taratibu, kama fundi anayeeleza gari limeharibika wapi:

"Komanda, fungula fasi ya mechi ya kwanza kisha mvua kwisha. Tafuta herufi ya jina yangu. Mbele yake kuko mistari kumi na moya. Njo mipira nilipotezaka. Kisha kuko zero. Njo mashuti."

Komanda akafungua, akatafuta, akaweka kidole, akahesabu kimoyomoyo. Niliona midomo yake ikifika kumi na moja. Akatazama zero.

"Na weye unajua hii namna gani?"

"Alisoma mbele ya bantu yote. Banaimba mpaka leo. Mutoto wangu pia iko anaiimba."

Komanda alianza kucheka, akamwita msaidizi wake amwonyeshe, naye akacheka. Ilikuwa mara ya pili watu kumcheka mtu yule kwa ajili ya vijistari vyangu, na mara hii aliwaletea kicheko hicho mwenyewe, ili mimi nitoke. Alikuwa anazungusha kofia, anasubiri wamalize.

Kaye walibaki nayo. Mimi wakaniachia.

Tulitembea pamoja hadi karibu na reli. Macho yangu hayakuzoea tena mwanga. Nikamwomba msamaha, nikamwambia sina neno lingine. Akasema:

"Kumi na moya ilikuwa kweli. Sikasirike juu ya kumi na moya. Lakini hukuniulizaka."

Ndipo akaniambia. Miezi kadhaa kabla ya mechi ile, cheche ya moto wa kuunganisha chuma ilimwingia jicho la kushoto. Halikupofuka kabisa, lakini upande ule aliona ukungu. Alificha, aliogopa kufukuzwa kazi garajini. Winga wa kulia ana mstari wa uwanja kuume kwake, na adui wote wanamjia kutoka kushoto. Kutoka ukunguni.

Nilisimama pale njiani. Kaye sikuwa nayo, lakini ukurasa ule niliujua kwa moyo. Katika vijistari vile kumi na moja, tisa vilikuwa na alama ya G. Gauche. Niliandika mimi, kwa mkono wangu. Jibu lilikuwa limelala mbele yangu na mimi nikapanda juu ya kasha la bia kuwachekesha watu.

Kesho yake nilikwenda naye kwa yaya. Nikaeleza: tumhamishe kushoto. Huko mstari utakaa upande wa jicho bovu, na adui watamjia upande wa jicho zima. Yaya akasema, kwanza muulize kama anataka. Nikamgeukia, nikamuuliza. Akasema atajaribu.

Alijaribu kwenye mazoezi, tulipokuwa watu saba tu uwanjani kwa sababu wengine walikuwa wamekimbia. Mara ya kwanza alijikwaa sana. Baada ya wiki chache alipoteza mipira minne. Kisha miwili. Siku aliyofunga goli kwa mguu wa kushoto hakukuwa na mashabiki wa kuimba. Alikuja pembeni akaniambia nisiandike, nikumbuke tu. Sikuandika.

Msifikiri mambo yalinyooka. Nyumba ilibaki tupu muda mrefu. Nilinunua kaye nyingine, lakini nikajiwekea sharti: sigusi kalamu kabla sijajua mchezaji ameamka vipi. Baada ya mechi naketi na mmoja mmoja, kando, namwonyesha ukurasa wake peke yake, namuuliza, hapa ilikuwaje? Nilisikia mambo ambayo hakuna kijistari kingeweza kuniambia. Golikipa aliyekuwa anafungwa mipira ya juu alikuwa halali, mke wake anaumwa. Kiungo aliyekuwa hatoi pasi kwa mwenzake alikuwa amegombana naye kwa habari ya kabila, na hawakuwa wamesemezana tangu mji ulipoharibika. Huyo hatukumfundisha pasi. Tuliwaketisha wote wawili kwa yaya, wakala sahani moja.

Katanga ilipoacha kuwa nchi peke yake na njia zikafunguka, nilikwenda Kasai. Mke wangu alikuwa kwa dada yake. Mtoto wa mwisho alikuwa anakimbia tayari. Alinitazama akaniita tonton, mjomba, kama mtoto anavyomwita mgeni yeyote. Sikumkosoa. Nilikaa pale majuma mengi, nikamuuliza mama yao yote yaliyowapata, na aliposema nilifunga mdomo. Kuna mambo aliyapitia peke yake, na sababu ni mechi zangu. Alikubali kurudi mwaka uliofuata. Mpaka leo ziko siku anakaa kimya muda mrefu, na mimi naketi karibu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yaya, aliyefukuzwa getini akarudi tena. Nawashukuru wale wanne, ambao hawajui hadi leo kwamba herufi zao zilikuwa mezani kwa komanda. Namshukuru mke wangu, hayupo leo, msimwambie nimelia. Na yule fundi, nimesema sitamtaja. Ameshaanza kuangalia chini.

Ninalowaachia ni dogo. Hesabu ni kitu kizuri, ninyi mnaofundisha vijana andikeni, hesabuni, msiache. Lakini namba ikikuambia mtu ameanguka mara ngapi, bado haijakuambia kitu. Inuka uende kwake, uulize, kisha unyamaze asikie kwamba unasubiri.

Kuna wawili wanaketi pale nyuma, karibu na mlango, majuma manne sasa. Mnaingia mwisho, mnatoka wa kwanza. Ndiyo, nimehesabu. Leo msitoke mbio. Nakuja kuketi huko.