Fundi Aliyeanza Mstari wa Chini

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo chini ya sufuria. Kama iko dukani, mwambie mteja asubiri; hata yeye atapenda kusikia. Leo tunamkumbuka mzee mmoja aliyefariki dunia wiki mbili zilizopita. Alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Nasema tena: mchonga mawe ya makaburi. Watu walimwita Mzee Tindo, kwa sababu tindo, ile patasi ya chuma ya kuchongea mawe, haikumtoka mkononi hata wakati wa chai. Alikoroga sukari kwa tindo. Mke wake amenithibitishia hilo, na hakulisema kwa furaha.

Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba yao, mawe yameegemezwa ukutani, kamba za kuanikia nguo zimepita juu yake. Nguo zote za familia zilikuwa nyeupe, hata zile zilizonunuliwa nyeusi. "Akiingia ndani," mke wake aliniambia, "ungedhani ameanguka kwenye gunia la unga. Nikimfuta, anasema niache, nitachafuka tena kesho."

Sasa, sikilizeni vizuri hapa, maana bila hapa hamtaelewa huko mbele. Mzee Tindo alikuwa na namna yake ya kuchonga. Aliandika maneno yote kwa penseli juu ya jiwe, kisha akaanza kuchonga mstari wa chini kabisa, akipanda juu. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa mchongaji hulala juu ya jiwe. Ukianzia juu, mkono unafuta penseli ya mistari ya chini. Ukianzia chini, hakuna kinachofutika. Ni akili nzuri. Lakini ina kasoro moja: unaweza kuchonga sentensi nzima usijue inasema nini.

Na yeye hakujua. Biblia alikuwa nayo pale karakana, imejaa vumbi. Kwake ilikuwa kama kile kitabu cha mitindo cha fundi cherehani. Mteja anachagua, fundi anashona. Aliniambia mwenyewe, siku alipokuja hapa studio kwenye kipindi chetu cha mafundi: "Mtangazaji, miaka mingi mimi nilichonga neno la Mungu kila siku, na nilikuwa sijalisoma hata siku moja."

Basi, siku moja akaja fundi saa wa mtaa wa pili. Mpole, mfupi, sauti ya chini. Amefiwa na mke. Akasema, "Niwekee aya inayohusu mke. Ila isiwe ile ya apataye mke amepata kitu chema. Ile kila mtu anayo." Na kweli, makaburini pale wanaume wote walikuwa wamepata kitu chema.

Mzee Tindo akafungua Mithali. Akapitisha kidole akitafuta neno mke au mwanamke. Akalipata. Akapima kwa rula. Aya imekaa kwenye jiwe sawasawa, kama viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu. Akachonga. Kutoka chini kwenda juu.

Siku ya kulifunua jiwe, ukoo wote ulikuwepo. Mashemeji wa fundi saa, yaani kaka za marehemu, walikuwa mstari wa mbele, mabega mapana, wamevaa suti. Kitambaa kikaondolewa. Mchungaji akaanza kusoma kwa sauti kuu. Katikati akapunguza sauti. Mwishoni akawa ananong'ona. Maana jiwe lilisema, wasikilizaji wapendwa, kwamba ni afadhali mtu akae kwenye kona ya dari kuliko kukaa katika nyumba kubwa pamoja na mwanamke mgomvi.

Kisha mama mmoja nyuma, jirani wa marehemu, akasema, "Lisemwalo lipo."

Hapo ndipo mashemeji walipoanza kuvua makoti. Fundi saa alijitetea, hakuna aliyesikia. Mzee Tindo alijificha nyuma ya jiwe la mtu mwingine, jiwe alilolichonga mwenyewe, na ambalo kwa bahati lilikuwa pana. Mchungaji alifanya kazi kubwa siku ile kuliko Jumapili nne. Baadaye walipomuuliza Mzee Tindo, "Wewe, hukuona neno mgomvi?" akajibu, "Niliona M. Niliona G. Niliona O, na O ni herufi ngumu, inapasuka kirahisi. Ugomvi sikuuona."

Kesho yake fundi saa alikuja karakana. Mzee Tindo alidhani amekuja kuvunja kitu, akasogeza nyundo mbali. Lakini yule bwana aliketi juu ya jiwe, akasema taratibu:

"Fundi, aya yako ni ya kweli. Mke wangu alikuwa mgomvi. Nyumba yetu ina dari, na mimi nimekaa kwenye kona yake mara nyingi tu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikiwa kule darini, unadhani nani alikuwa akinipandishia chakula?"

"Nani?"

"Yeye. Anapanda ngazi anagomba. Ananipa sahani anagomba. Nikitaka kushuka, anashika ngazi nisianguke, na anagomba. Fundi, umeniandikia nusu ya mke wangu. Naomba unitafutie nusu ya pili."

Kwa mara ya kwanza maishani mwa Mzee Tindo, mteja alikuwa amemwomba asome.

Akaanza. Mke wake anasema alisoma kama alivyochonga: neno moja, anapumzika, neno moja, anapumzika. "Nilimwambia, baba, huyu Nuhu atapanda lini safina? Mvua imeshaanza." Alisoma kwa sauti, akibishana. Alimgombeza Yakobo kwa lile jambo la kaka yake. Ayubu alimwonea huruma, ila marafiki wa Ayubu alitaka kuwafukuza uani. Na alipofika Mithali, alisoma kila mstari, akapata ile inayosema kwamba chuma hunoa chuma, na mtu humnoa mwenzake. Akalisugua jiwe la zamani mpaka likawa tupu, akachonga upya. Fundi saa alipoliona, alicheka mpaka akatoa leso. Mashemeji wakalisoma mara mbili, wakatikisa vichwa. Mkubwa wao akasema, "Huyo sasa ndiye dada yetu."

Basi, kuanzia siku ile Mzee Tindo hakushikika. Ukienda kuagiza jiwe, anakuhoji kama polisi. Ilikuja familia moja yenye uwezo wake, baba yao amefariki. Wakataka aya ya watu wenye rehema. Mzee Tindo akauliza, "Alikuwa na rehema?" Watoto wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwingine akaangalia simu. Mwisho kitinda mimba akasema, "Aliwapenda mbwa wake."

"Aliwapenda kweli?"

"Sana. Walikula kabla yetu."

Mzee Tindo akasema, "Basi ipo." Na ipo kweli, kwenye Mithali, aya inayosema mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Familia ile ilishangaa. Walikuja kununua sifa, wakaondoka na baba yao. Nimeliona jiwe lile. Watoto wake wanalitembelea zaidi kuliko walivyomtembelea yeye.

Sasa mwenzangu wa mitambo ananionyesha kidole kutoka nyuma ya kioo, eti niende kwenye jambo lenyewe. Naenda.

Jambo lenyewe lilikuwa jiwe moja lililoegemea lango la uani. Jiwe zuri, limepigwa msasa, halina hata herufi. Kuku walilala juu yake. Lilikuwa jiwe la baba yake mzazi. Nasema tena: mtu aliyechongea mawe mji mzima hakuwa amemchongea baba yake.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuja dada yake mkubwa, ambaye ukoo mzima humwita Shangazi. Anasimama langoni, mkoba mkononi.

"Jiwe la baba liko wapi?"

"Si hilo hapo, dada."

"Naona jiwe. Simwoni baba."

Baba yao, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mlevi. Tusizunguke. Aliuza mabati ya nyumba yakiwa bado juu ya nyumba, na ilikuwa msimu wa mvua. Watoto wakalala chini ya meza. Shangazi alitaka jiwe lifunike aibu hiyo. "Andika mtumishi mwema na mwaminifu," alisema. "Watu wanapita pale, wanasoma."

"Mwaminifu kwa nani, dada? Kwa kilabu cha pombe?"

"Basi andika jina tu!"

"Jina tu ni hasira. Kila mtu ataona nimekosa la kusema."

Na hapo ndipo palipomwumiza. Mke wake aliniambia, "Alikuwa hajamsamehe. Alitafuta neno ambalo si uongo, wala si kisasi. Kila akifungua kitabu, anapata moja kati ya hayo mawili." Aya za kulaani walevi alizipata nyingi. Aliziweka alama, kisha akafuta alama. Akasema, "Hizi ningezichonga kwa raha mno. Ndiyo maana sizichongi."

Miaka ikapita. Kuku wakabadilika, jiwe likabaki. Kisha kifua kikaanza. Vumbi la maisha yote lilikuwa limeingia ndani. Daktari akamwambia aache kazi, na akamwambia mke wake pembeni kwamba muda si mwingi. Mke hakumficha. Mzee Tindo akasema, "Basi nisome haraka." Lakini hakujua kusoma haraka. Neno moja, anapumzika. Safari hii alipumzika kwa sababu ya pumzi.

Mchana mmoja mke wake yuko jikoni, akasikia tindo inagonga. Akatoka mbio kumkemea. Akamkuta ameketi chini mbele ya jiwe la baba yake, binti yao amemshikia mwavuli wa jua.

"Nimefika msalabani," alimwambia mke wake. "Yule mhalifu aliyening'inizwa pembeni mwa Yesu. Hana tendo jema hata moja. Hana muda wa kulitenda. Hana mtu wa kumsifu. Anaomba tu. Mama, huyu ni baba."

Akaendelea kugonga.

Siku ya kulifunua makaburini walikuwa watu wachache: mke, binti, Shangazi na mkoba wake. Shangazi ndiye aliyevuta kitambaa. Chini ya jina la baba yao palikuwa na neno moja.

Unikumbuke.

Shangazi akazunguka nyuma ya jiwe kuangalia kama maneno mengine yako huko. Akarudi mbele.

"Neno moja?"

"Moja, dada."

"Miaka yote hii ninakuja na kurudi, neno moja?"

"Nilisoma kitabu kizima kulitafuta."

Shangazi akafungua mdomo. Wote walijiandaa. Huyu mama akianza, hana breki. Lakini hakugomba. Alilitazama neno lile muda mrefu, kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe:

"Alinibeba mabegani. Nilikuwa na homa. Njia nzima mpaka zahanati, mvua inanyesha, anaimba. Anaimba vibaya kweli, ili nisilale."

Mzee Tindo akamgeukia. "Mbona mimi sijui hilo?"

"Ulikuwa hujazaliwa. Na baada ya mabati sikutaka kulisema tena."

Mzee Tindo akaketi chini pale pale, kwenye nyasi, akalia. Alimlilia baba yake kwa mara ya kwanza. Shangazi akaketi kando yake, na suti yake ya Jumapili. Baadaye kidogo akaongeza, "Mabati aliuza lakini. Hilo nalo nalikumbuka." Wakacheka mpaka mzee akakohoa, na mke wake akawafokea wote wawili.

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Nasema tena: Mzee Tindo, mchonga mawe, amefariki, naye alikuwa ameshamsamehe baba yake.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tuna Neno nyumbani. Liko kwenye kalenda, liko kwenye kioo cha gari, limetariziwa kwenye kitambaa cha kochi, na tunaliegemea tukitazama mpira. Mimi mwenyewe ninalo hapa, kwenye kikombe hiki. Nimelisoma leo asubuhi kwa mara ya kwanza, nikaweka kikombe chini. Haitoshi kuwa nalo. Leo ukifika nyumbani, soma kilichoandikwa ukutani kwako, kisha ufungue ukurasa kilikotoka, uone kinaanza wapi na kinaishia wapi. Ukibishana nacho, bishana. Mzee Tindo alibishana mpaka mwisho.

Kwa mke wake, pole sana, mama. Shangazi, pole, najua unasikiliza, na najua nimekosea mahali, nitakuona Jumapili. Na pole kwa binti yake, ambaye sasa ndiye anayeshika tindo pale uani.

Jiwe la Mzee Tindo bado ni tupu. Watu wamemletea binti aya nyingi, nzuri nzuri, amewashukuru na kuwarudishia. Anasoma kwanza. Nilimpigia jana nikamkuta kwenye kitabu cha Hesabu, kile cha nne katika Biblia, na alikuwa amechoka. "Humu watu ni wengi mno," aliniambia. "Ukoo baada ya ukoo, majina tu." Nikamwambia, mwanangu, hata wachungaji huruka kurasa hizo, ruka, uende mbele.

Kwenye simu nikasikia ukurasa mmoja unafunuliwa.

"Siwezi, mtangazaji," akasema. "Nikiruka, huenda nikamruka baba."