Filamu Iliyoishia Gazetini

Hivi wewe, umeshawahi kuona filamu ya mwandishi shujaa inayoendelea baada ya gazeti kutoka? Mimi bado, na nina digrii ya mass communication, inayonisaidia kuwahi nafasi kwenye benchi la kahawa hapa Kahama. Jana kibanda cha video kilituonyesha moja: mwandishi anagundua wizara imeficha kwamba mto una sumu, anawindwa, gazeti linachapwa, makofi, the end. Aliyekuwa anatutafsiria kwa spika ni Anatoli, zamani mtangazaji wa redio.

Leo kijiweni ni ubishi tu. Meshack, tunayemwita Karasha kwa kuwa anasaga mawe ya dhahabu na maneno pia, anasema yule mwandishi wa kwenye filamu hakuingiwa na risasi kwa sababu alishonewa chuma chini ya ngozi. Jilala wa bodaboda akakataa: alichanjwa na mganga, tena wa huku kwetu. Karasha akaona hiyo ndogo, akadai risasi zenyewe zilikuwa zimehongwa.

Nikamgeukia Anatoli.

— Kaka, mle ndani walitaja government mara kibao. Wewe kila mara unasema "tajiri mmoja". Why?

— Mara ya mwisho kuitaja kwenye kipaza sauti, Profesa, nilirudisha kitambulisho getini.

Habari ile wote tunaijua. Alitangaza kwamba ng'ombe wanakufa kwenye kijiji kilicho chini ya mtambo wa kuchenjulia dhahabu, akaitaka serikali ijibu. Maofisa wakaja, wakachota maji ya kisima, wakaondoka nayo kwenda kuyapima; majibu hatujayaona. Kipindi kikafutwa. Sisi tulimpigia makofi, kama jana kibandani, kisha kila mtu akaenda zake.

Ndipo akapita Lusia, mama wa kijiji hichohicho, anatoka kuuza karanga sokoni.

— Mwadila, bhabha.

Tukaitikia salamu yake ya Kisukuma, tukamsogezea nafasi. Jilala akamhadithia filamu nzima, na risasi zake. Mama wa watu akasikiliza mpaka mwisho, akamtazama Anatoli.

— Na wale wa mtoni, gazeti lilipotoka, walikunywa maji gani?

Karasha, mwenye jibu la kila kitu, akainama kufunga kamba za buti.

— Sisi bado tunachota palepale, akasema Lusia. Tunasubiri tuambiwe.

Sasa ninyi maofisa mliochota yale maji: leteni majibu. Yasomeni kwa spika, kwa Kiswahili na Kisukuma, Lusia akiwa amekaa mbele. Na msibadilishe hata neno.