Viazi Havikuchelewa Msiba

Bwana asifiwe, watu wa Runazi! Hapana, hiyo ni amina ya watu waliokula ugali mwingi. Bwana asifiwe! Haya, sasa najua nimefika nyumbani.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni Skola, binti wa Mzee Masanja wa hapa hapa, nyuma ya mashine ya kusaga. Wasionifahamu, huko nilikoolewa wananiita Mama Devota. Niliolewa wilaya ya Ngara, kijiji cha mpakani, ambako ukisimama mlangoni asubuhi unaona moshi wa majiko ya Burundi. Nimekuja kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa katika kutengwa. Nilitengwa, ndugu zangu! Kama hayajakukuta, usiombe.

Mume wangu anaendesha bodaboda. Mimi nalima viazi vitamu. Na viazi mnavijua: kiangazi vinaiva vyote kwa pamoja, sokoni walanguzi wanakutajia bei ya kukutukana, ukikataa vinakuozea. Miaka nenda, miaka rudi nilikuwa namwaga jasho shambani na kumwagia nguruwe mavuno. Nikakumbuka matobolwa ya mama yangu. Wageni mlioko hapa, matobolwa ni viazi vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani hadi vikauke; unakula na karanga au na chai. Kule ukweni walinicheka sana. Shemeji yangu aliniuliza kama naanika kuni.

Kaka yangu wa Mwanza ndiye aliyenitia moyo. Akanipa simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, akaniambia Dar es Salaam imejaa watu wa kwetu wanaolilia matobolwa, ila hawajui pa kuyapata. Akaniunganisha na darasa la biashara la mtandaoni. Mwalimu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole. Alitufundisha kupiga picha ya bidhaa, kumjibu mteja, kufungasha mzigo usitoe jasho njiani. Mimi niliishia darasa la saba, ndugu zangu, na nililia siku nilipotoka shule. Kumsikia mtu ananifundisha tena, ananiita kwa jina, ananiuliza maswali! Nilikuwa na njaa ya kufundishwa kuliko njaa ya ugali.

Shida ilikuwa mtandao. Kwetu chini simu inapiga tu; intaneti inapatikana kilimani, kwenye mikaratusi. Na ukifika kule juu, mara simu inahama nchi! Inashika mtandao wa ng'ambo na kuchukua saa ya ng'ambo, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Mwenye simu yuko Tanzania, simu iko Burundi, na haina hata kibali. Tulikuwa tunacheka tu.

Sasa hiyo ndiyo ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Warundi walipokuwa wanavuka tena kwa makundi. Walipumzika kwenye kigango, kanisa letu dogo la kijiji, wakisubiri magari ya kuwapeleka kambini, na akina mama wa jumuiya tulipeana zamu ya kupika uji. Hapo weka misiba. Weka msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wa kujenga darasa la shule. Na mimi ni mtu wa kuja. Kwa mtu wa kuja, heshima yako ni jembe lako linapoonekana msibani. Basi nikawa mtu wa kukimbia: nashuka kilimani, nakoroga uji, napanda tena, somo limepita nusu. Darasani mimi ni wa mwisho, kwenye jumuiya mimi ni wa mwisho. Mama mkwe wangu, mwanamke mwema, alinitazama akaniambia, "Mwanangu, masomo ni mazuri. Ila hiyo simu haina mabega. Siku ukiugua, machela inabebwa na mabega."

Nilimwelewa, lakini kuacha sikutaka.

Kisha jirani yetu akafiwa na mkewe. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Nikapanda kilimani kusikiliza somo, nimeshavaa kanga yangu ya msiba kabisa, macho kwenye simu nisichelewe. Simu ikaniambia saa nane bado kidogo. Nikashuka natembea kwa maringo, nikijua leo nimewahi. Nikawakuta watu wananawa mikono! Udongo umeshafukiwa, msalaba umesimama. Simu ilikuwa imevuka mpaka tena, na mimi sikugundua.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana anaitwa Mama Odilia. Ni mama mnene, mwenye haki, asiyecheka ovyo. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya saa. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Na marehemu naye alikuwa na saa ya Burundi?"

Wakaacha kunawa. Mama Odilia akasema, "Mama Devota, tumekupumzisha."

Ndugu zangu, kupumzishwa huko hakuna mapumziko! Unaamkia watu, wanaitikia huku wanamtazama mbuzi. Hukaribishwi msibani, hukaribishwi harusini, hata kwenye zamu ya uji jina lako linarukwa. Ukiita mkono wa kukusaidia shambani hauji. Devota wangu alirudi kutoka kisimani analia kwa sababu wenzake walimwachia foleni yote wakaondoka. Niliumia! Shetani akaniwekea njia mbili tu mbele yangu: tupa simu uwarudie watu, au watupe watu ubaki na simu yako. Nikamwomba Mungu anionyeshe ya tatu. Kwa muda mrefu hakunionyesha kitu.

Katikati ya hayo, agizo likaja. Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye duka, alitaka magunia mawili ya matobolwa kwa sherehe ya kumuaga binti yake. Magunia mawili! Nikamenya na mume wangu na mtoto, watatu tu, mikono imechubuka. Tukaanika kwenye mikeka, kwenye turubai, juu ya paa. Tukamaliza. Magunia yakashonwa, yakaegeshwa mlangoni, kesho yake alfajiri yapelekwe stendi ya mabasi Ngara mjini. Niliyatazama yale magunia kama mzazi anayemtazama mtoto aliyefaulu.

Alasiri hiyo nikapanda kilimani kusikiliza somo la mwisho. Sikulisikiliza. Chini bondeni niliona watu wanapanda, msururu usioisha. Akina mama na magodoro kichwani, mzee ameshikiliwa na wajukuu wawili, mtoto amekumbatia jogoo. Sijawahi kuona kundi kubwa namna ile. Nikashuka mbio hadi karibu na kigango, nikasimama mbali kidogo kama mtu aliyetengwa anavyosimama. Nikamwona Mama Odilia anakwangua sufuria. Unga ulikuwa umekwisha, na watu bado wanapanda.

Nikakasirika! Siwafichi. Nikamwambia Mungu, "Leo? Magunia yote mawili? Kwa ajili ya kikundi kilichonifukuza?" Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilimsikia yule mtoto wa jogoo anaomba uji, na mama yake anamwambia nyamaza. Basi. Nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu, "Baba Devota, washa pikipiki." Aliniangalia, akayaangalia magunia, akawasha.

Tulipoyashusha pale jikoni, akina mama wakasogea. Mama Odilia akajifuta mikono, akasema, "Mama Devota, wewe umepumzishwa."

Nikamjibu, "Nimepumzishwa mimi, mama. Viazi havikuchelewa msiba."

Ndugu zangu, sijui maneno yale niliyatoa wapi! Mama Odilia alinitazama juu mpaka chini. Kisha akageuka, akaita, "Lete maji ya moto! Lete karanga!" Tukalainisha matobolwa, tukagawa, gunia la kwanza, gunia la pili. Wazee walikula, watoto walikula, na sisi wapishi tukala kilichobaki chini ya sufuria. Mama wa yule mtoto alinishika mkono akanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze, mama." Nikalia hapo hapo, mwiko mkononi.

Jioni nikampigia mteja wangu na kumwambia kweli yote: mama, mzigo wako umeliwa na watu wenye njaa, na fedha yako nitairudisha ukitaka. Kisha akasema atasogeza sherehe mbele kidogo, lakini mvua zikinikuta sijatuma, atatafuta kwingine. Nikashukuru, ila rohoni nilikuwa nimekwisha. Viazi vilikuwepo shambani. Mikono ya kuvimenya ilikuwa wapi? Na mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa Rusumo.

Asubuhi nikasikia kelele uani. Nikatoka. Mama Odilia! Ana kisu na beseni, na nyuma yake akina mama wa kikundi, kila mmoja na kisu chake! Nikamwambia, "Shikamoo mama, mimi bado..." Akanikatiza, "Marahaba. Aliyepumzishwa anarudi kwa kutoa chakula kinacholiwa na wote. Ndiyo desturi yetu. Jana si tulikula? Tulilamba hadi sufuria. Viazi viko wapi?"

Bwana asifiwe! Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka mama mkwe akatoka ndani akifikiri nimepata wazimu.

Tukiwa tunamenya, Mama Odilia akasema, "Hiyo simu yako iliyotutia kwenye ugomvi, ilete tusikie inachosema." Mwalimu alikuwa anatutumia pia masomo kwa sauti. Nilikuwa nimeyapakua kilimani. Nikaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipae, na darasa likaanza uani kwangu! Wanamenya, wanasikiliza, wanabishana na mwalimu kana kwamba yupo. Mwalimu akasema mteja ni mfalme. Mama Odilia akaijibu sufuria, "Hata mfalme husubiri watu wazike!" Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoiona ile njia ya tatu niliyoiomba. Ilikuwa imekaa uani kwangu, inamenya viazi.

Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, matobolwa yalikuwa yameshakauka na magunia yalikuwa kwenye basi, njiani kwenda Dar. Yule mama alinipigia akiwa na matobolwa mdomoni, anasema amemkumbuka bibi yake. Wageni wake wakaagiza, na wageni wa wageni wake wakaagiza.

Leo kikundi cha kuzikana ndicho kikundi cha matobolwa. Mimi napanda kilimani, napakua somo, nashuka nalo kwa watu, na sufuria ya darasa ina alama yake, haipikiwi. Siku ya msiba tunawaandikia wateja: leo tunazika, mzigo utatoka kesho. Wanasubiri! Wengine wanatuma pole. Na shemeji yangu wa kuni ndiye anayeshona magunia. Mama Odilia siku hizi ana simu yake, na kila msiba ukitokea ananipigia: "Mwanangu, hapo ulipo ni saa ngapi? Nchi gani?"

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu aliyewasha pikipiki bila kuuliza. Nawe uliyekaa hapa leo, labda umechoka kukimbia kati ya kujifunza na watu wako, labda wameliruka jina lako kwenye zamu. Usitupe kitabu, usitupe watu. Nenda na ulichonacho, kiweke jikoni penye njaa, umwachie Mungu yaliyobaki. Mimi saa yangu ilivuka mpaka, nikachelewa. Yake haijawahi kuvuka mpaka wowote. Msifuni Bwana!