Ndugu Raymundi na Hesabu za Bwawa la Malugala

Ifikapo tarehe 30 Juni 1976, Ndugu Raymundi Shilinde atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya kupima mabwawa ya mkoa wetu. Siku hiyohiyo atavua buti zake za mpira na kurudi kwao Puge. Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa mimi, Mfaume Lukumani, dereva wake wa miaka kumi na minne, kazi ya kuandika habari zake. Wamekosea mtu kidogo, lakini kalamu ninayo.

Wenye kisomo watanisamehe. Darasa nililoishia nalijua mwenyewe. Ila barabara zimenisomesha: nimekula samaki wa Kigoma, wa Mwanza na wa Mombasa, na kutoka Kanyenye hadi Tura hakuna muuza chai asiyenijua kwa jina.

Ndugu Raymundi alianza kama mbeba nyavu, na baada ya Uhuru akawa Bwana Samaki kamili. Kazi yake ilikuwa kuamua bwawa gani liwekwe sangara. Perege wakizaana mno hudumaa wakawa kama vidole. Sangara wachache huwapunguza kwa kuwala, wanaobaki wakanenepa, na wageni wa mkoa wakapata samaki mkubwa wa kupigana naye kwa ndoano. Lakini perege wakiwa haba, sangara humaliza bwawa. Kwa hiyo yeye hakukubali mpaka wavu utupwe mahali patatu: kilindini, kwenye matete na ukingoni, asubuhi tatu mfululizo. Hata tope alilipima, akalinusa. Mara moja huko Tura alilionja, na wanakijiji wakamkimbizia uji wakidhani ana njaa.

Sasa nifike Malugala, na hapa mzaha unaniishia.

Mwaka 1969 wanakijiji wa ujamaa wa Malugala walikuwa wakingoja jibu la bwawa lao. Ndugu Raymundi akashikwa na homa, akanituma mimi. Nilijigamba kwamba kazi hiyo naimaliza kabla chai haijapoa. Nikatupa wavu mara moja tu, ukingoni, pale kina mama wanapooshea vyungu. Perege mia tatu! Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba bwawa zima lilikuwa limekusanyika pale kula ukoko. Nikaandika mia tatu wa kilindini na mia tatu wa kwenye matete pia, kwa asubuhi zote tatu, kisha nikaenda kunywa chai yangu. Yeye akatia sahihi kwa kuniamini.

Sangara wakaletwa kutoka Mwanza kwa mapipa. Baada ya miaka miwili Malugala haikuwa na perege hata wa dawa, na sangara wenyewe walikonda wakabaki vichwa. Mkutanoni Mama Apolinaria, kiongozi wa kina mama, alisimama na chungu kitupu akamwuliza Ndugu Raymundi kama watoto watowelee ugali kwa sahihi yake. Watu walicheka kwa uchungu. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nafuta kioo kisicho na vumbi. Yeye akajibu kwamba sahihi ni yake, basi kosa ni lake. Cheo alichokuwa akikingojea kikaenda kwa mwingine, nami nikanyamaza.

Sangara waliobaki wakavuliwa wote. Kisha, misimu mitatu ya mvua, katika siku zake za mapumziko, Ndugu Raymundi alibeba perege wachanga kwa madebe juu ya baiskeli kutoka Puge hadi Malugala. Leo bwawa lina samaki, na Mama Apolinaria ametuma kikapu cha perege wakavu kwa ajili ya sherehe hii.

Nilidhani hakujua. Lakini tangu mkutano ule, kila tulipofika bwawa jipya, kabla sijashusha wavu, aliniuliza kwa upole kina mama wa hapo wanaoshea wapi vyungu. Miaka mitano ameniuliza, wala hakuwahi kumweleza mtu maana ya swali lake.

Basi leo naandika kwa mkono wangu, na naomba karatasi hii iwekwe katika faili lake: hesabu za Malugala zilikuwa zangu.

Ndugu Raymundi, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kunisitiri nami sistahili. Sote wenzako tunakuombea afya, mvua za kutosha na uzee wenye kitoweo. Nimesikia utachimba bwawa dogo huko Puge. Nitakuja kulipima. Nitatupa wavu mahali patatu, asubuhi tatu, na wewe ukae kivulini uhesabu.