Walitaka Majina ya Wapiga Kelele

Haya akina mama, tuketi. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, mimi nimezoea kuongea katikati ya kelele. Hapa Kasikeu mnanijua kama fundi wa nguo, yule mama wa yunifomu. Hamjui kwamba niliwahi kuwa panki. Mnacheka! Si ile panki ya kinyozi. Panki yenyewe, ya Ulaya, ya gitaa na makelele, na serikali ikitufuata nyuma.

Nilizaliwa Kyuso, kwa watu wa ndengu na mbuzi. Nilipomaliza shule nilipata skolashipu ya kusomea mashine za kiwanda cha nguo katika nchi moja ya kisoshalisti huko Ulaya. Sitaitaja, na siku hizi haipo tena. Kanisa liliniombea, nikaenda na sweta mbili nikidhani zitatosha.

Ndugu zangu, nawaambia, ile nchi ilikuwa na chakula na kazi, siwezi kuisingizia. Lakini mtu alipangiwa. Unapangiwa cha kusoma na cha kusema, hata kupiga makofi kulikuwa na siku yake, na kuna mtu wa kuangalia nani hapigi. Wenzangu kiwandani waliogopa kunisalimu, maana ukiongea na mgeni lazima ukajieleze ofisini. Nilikuwa naweza kumaliza wiki bila kusikia mtu akiniita jina langu.

Jumamosi moja mchana nilipita karibu na kanisa nikasikia ngoma. Nikasema, asante Yesu, kuna ibada. Nikaingia, nikateremka ngazi mpaka chumba cha chini. Ibada wapi! Nilikuta vijana wamesimamisha nywele kama miiba, makoti yamechanika wameyashika na pini za nepi, mmoja anapiga kelele kwenye maiki mpaka mishipa ya shingo imetoka. Na mchungaji, mzee wa watu, amekaa pembeni na birika ya chai. Aliponiona nimeganda mlangoni akasema, "Ingia, usiogope. Juu wanataka wawe kimya. Huku chini nimewaruhusu."

Wimbo wao ulisema tu kwamba hawataki kuchorewa maisha. Basi. Kwa hilo walifukuzwa shule, walinyolewa kwa nguvu, walilala ndani. Mpiga ngoma wao alikuwa ameshikwa, na huyo aliyeshika nafasi yake alikuwa anazipiga vibaya mpaka nikaona huruma. Nikaomba vijiti. Mnajua kilumi, msijifanye watakatifu! Ile ngoma ya nyanya zetu ambayo wamishonari walituambia ni ya shetani. Nyanya yangu alikuwa mpigaji, na mimi niliisikia nikiwa mgongoni kwake. Nikapiga kilumi. Wale vijana waligeuka kunitazama kwanza, halafu gitaa likanifuata. Kutoka siku hiyo nikawa na watu.

Tulipiga karibu mwaka mzima. Halafu nikaitwa ofisini. Si kwa polisi wa magwanda, la. Ni mwanamume wa suti, mpole, akaniwekea kahawa na keki. Alijua jina la baba yangu. Alijua nimebakisha muda mfupi nipate cheti.

"Wewe ni mgeni wetu," akasema. "Wale ni takataka. Niandikie tu nani anakuja pale chini, na mchungaji anawaambia nini."

"Wanaitana kwa majina ya utani," nikasema. "Ya kweli siyajui."

"Basi andika hayo ya utani."

Sitawadanganya, kalamu niliishika. Yule mtu akaona nimeishika, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Watu wenu wanajua kutii, ndiyo maana tunawaleta."

Akina mama! Nilisikia moto hapa kifuani. Nikaisukuma kalamu upande wake. Nikamwambia, "Andika wewe. Andika: amekataa."

Hawakunipiga. Walinipandisha ndege bila cheti, bila kuaga mtu.

Nyumbani maneno yalijaa soko. Ati nilifukuzwa kwa sababu ya wanaume. Ati nilikuwa mlevi. Na wakati huo hata hapa kwetu, si mnakumbuka, ukitaja serikali unaangalia kwanza nani amekaa nyuma yako. Sasa ningeeleza nini? Nililala nikiangalia mabati. Nilitaka kufa, niseme wazi.

Siku moja baba akaingia na sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Mzee ambaye sijawahi kumwona akibebea mtu chakula. Akakaa juu ya gunia la ndengu.

"Walitaka nini kwako?"

"Majina ya wenzangu, asa, baba yangu."

"Ukawapa?"

"Sikuwapa."

Kisha akaisogeza sahani. "Basi kula. Hujafukuzwa wewe. Umetoka."

Nikala. Kesho yake nikaamka nikaazima cherehani, nikaanza kushona chini ya jua sokoni. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, familia yake ilitoka upande wa kaskazini mashariki, alikuwa na duka. Aliniangalia, akasema, "Wewe dada, mvua ikianza utashonea wapi? Leta hiyo mashine hapa kwa baraza yangu." Hakuniuliza ninasali wapi wala nilifukuzwa kwa nini. Nilishonea pale mpaka nikaolewa huku. Na ilikuwa pale barazani niliposikia kwa redio kwamba ile serikali ya kule imeanguka, watu wamejaa barabarani. Niliruka nikapiga meza kwa mikono yote miwili, wateja wakadhani nimepagawa.

Sasa msichana wangu wa mwisho yuko ndani na watoto wenu kwa sababu ya maandamano. Juzi niliruhusiwa kumwona. Wamemwambia atatoka mara moja akisema nani alitengeneza mabango. "Mama, nifanye nini?" Sikumwamulia. Nilimsimulia haya ninayowasimulia nyinyi. Akafuta uso kwa mkono wa sweta, akasema, "Basi leo nitalala hapa."

Namshukuru yule mchungaji, kama yuko hai au amelala. Namshukuru yule mama wa baraza, Mungu amrehemu. Namshukuru baba. Na nyinyi nawaomba jambo moja: tusiwasukume watoto wauze wenzao ili sisi tupate usingizi. Wakitoka bila kazi, bila shule, tuwapikie.

Jumatatu kesi inatajwa. Tunafika mapema, tunajaza mabenchi yote. Askari akiuliza sisi ni nani, tumjibu kwa sauti moja: ndio tuliowazaa. Akimtoa mmoja wetu, tunasimama wote.

Nani anakuja? Inueni mikono. Juu zaidi, niione.