Maneno Aliyoyatafuta Rispa Kageha

Marehemu Rispa Kageha alizaliwa tarehe 9 Mei 1971 huko Mbale, Vihiga, akalelewa mtaa wa Ziwani jijini, baba yetu alipokuwa mfanyakazi wa baraza la jiji. Kutulia hakukujua. Mama alikuwa akisema Rispa alitembea kabla ya kujifunza kukaa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwaka 1993 alifunga ndoa na Patrobas Khavere, fundi wa kiwanda kimoja cha breki, wakajaliwa binti, Shirleen. Kila Jumamosi alikung'uta ovaroli za mumewe uani, kisha akazifua.

Mwaka 2004 aliajiriwa kufagia maktaba ya chuo, na udadisi ukampandisha hadi msaidizi. Patrobas alipoanza kukohoa mwaka 2012, na dawa za kifua kikuu zisifue dafu, Rispa aliingia kwenye hifadhidata za utafiti. Mara ya kwanza aliandika: "Habari ya asubuhi, naomba kujua mume wangu anakohoa nini." Hakupata kitu, nasi tulimcheka wiki nzima. Akaandika "kikohozi" kwa Kiingereza, zikaja makala laki tatu. Ndipo akaacha kutafuta ugonjwa, akatafuta kazi: vumbi, breki, mapafu, kila neno pamoja na majina yake mengine. Zikabaki makala kumi na moja. Alizipeleka kwa daktari, naye akakubali kwamba ni vumbi la kiwandani, na Patrobas akaacha kiwanda mwezi huohuo. Leo yuko mbele yetu, anapumua.

Wanafunzi wanamkumbuka akiwafokea: "Wacha kuongelesha kompyuta kama jirani! Neno likikataa, jaribu ingine."

Januari 2024 kifua chake mwenyewe kilibana. Ilikuwa saratani ya utando wa mapafu, inayoletwa na vumbi la asbesto, madini yaliyotumika kutengeneza breki. Patrobas aliuliza kila siku vumbi lilimpataje mtu asiyekanyaga kiwandani. Rispa alibadilisha mazungumzo. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, nyumbani kwake mtaa wa Pipeline.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja, Adongo, nami mdogo wake, Nekesa.

Shirleen alikuta kwenye akaunti ya mamake utafutaji uliohifadhiwa tangu 2019: wake za wafanyakazi, kufua, ovaroli. Rispa alijua miaka yote hiyo, na inatuuma. Aliacha barua kwa mumewe, akaagiza tuisome leo tunapomzika, si kabla:

"Baba Shirleen, najua utatafuta mpaka upate, kwa hivyo nakuambia mwenyewe. Ni zile nguo. Lakini si wewe, ni kiwanda, na hawakutuambia. Ningekufulia tena. Sasa wacha kutafuta."

Na wewe, dada yetu, hatimaye kaa. Pumzika kwa amani.