Kondoo wa Haji Sherbini

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya marumaru ya Haji Sherbini, hapa mtaani Basatin, na jiko langu la kahawa liko mbele yake. Juzi msumeno wa mashine ulimla fundi Shafik kidole gumba. Haji hakukaa kimya, masikini. Jana alipandisha ubao mkubwa, USALAMA KWANZA, akapigwa picha chini yake amevaa kofia ngumu, ya pekee karakana nzima. Kisha akanunua kondoo. Leo baada ya adhuhuri atachinjwa, mafundi wachovye viganja kwenye damu wapige alama kwenye msumeno, jicho baya litoke. Kondoo mwenyewe kafungwa kando ya benchi, anakunywa maji.

— Ni jicho la mke wa jirani yule, alianza Patasi, fundi wa kuchonga. — Alipita akausifu msumeno, wala hakusema mashallah.

— Jicho wapi! alidakia Injinia. Huyu darasa la nne lilimshinda, ila husoma kila gazeti lililofungiwa bajia za taamiya. — Ni majini. Marumaru inatoka mlimani, majini wamelala humo. Unamkata jini mgongo, naye anakukata kidole. Mmelipana.

— Mwaka jana si tulichinja mbuzi? aliuliza Guda, tunayemwita Vitatu. — Nilipiga alama ya kiganja kizima, vidole vyote vitano. Alama bado ipo. Vidole je?

— Mbuzi! Patasi akacheka. Damu ya mbuzi nyepesi, jini anaipangusa tu. Halafu wewe una manung'uniko. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unavyo vitatu, wataka nini?

— Na ajali haina kinga, Injinia akatia muhuri. Ndiyo maana Haji kaweka ubao.

Pembeni alikuwa amekaa Bakri, kijana wa watu kutoka mkoa wa Sohag, ameajiriwa kushika nafasi ya Shafik. Angeanza kazi kondoo akishachinjwa. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Samahani, Mama Nagat. Hicho anachonywea kondoo si kifuniko cha msumeno, cha kukinga vidole?

— Ndicho, mwanangu, nikamjibu.

— Sasa mbona hakiko kwenye msumeno?

Patasi akatazama mawinguni, na mawingu hayakuwepo. Injinia akakoroga kahawa isiyo na sukari. Aliyeendelea na shughuli zake ni kondoo peke yake.

Bakri akainuka, akayamwaga maji, akajitwika kifuniko begani na kuingia karakanani. Vitatu akamfuata, spana katika mkono ule mzima.

— Jamani, kondoo atakufa na kiu! Patasi akalalama.

Injinia akanisogezea kikombe.

— Mama, ongeza kidogo.

— Imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa limejaa.